Uzi kuhusu PPF: Filamu ya kulinda rangi ya gari, namna ya kuiosha na kuitunza ili idumu

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi gari langu ili abandue kipande cha filamu kilichokuwa kimeinuka kwenye ukingo wa mbele wa boneti. Kipande hicho hakikung'olewa na jiwe wala na ajali. Kiling'olewa na mashine ya presha mahali pa kuoshea magari, kwa kuwa kijana aliyekuwa zamu alisogeza mdomo wa bomba hadi umbali wa kiganja, akijaribu kuondoa mstari wa uchafu uliojikusanya ukingoni. Filamu hiyo ilikuwa na miaka miwili na nusu, ilikuwa imelivusha gari safari nyingi za Dar es Salaam na Iringa nyuma ya malori ya kokoto, na rangi iliyokuwa chini yake ilionekana kama ilivyotoka kiwandani. Kitu kilichoyashinda mawe ya njia nzima kilishindwa na dakika moja ya kuoshwa vibaya, nami sikuwa nimemwambia kijana yule neno lolote kuhusu kilichokuwa juu ya boneti. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu makosa mengi ya utunzaji yanatokana na kutokujua filamu hii imeundwaje. PPF ni karatasi angavu ya poliuretani (aina ya plastiki) inayonyumbulika, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 150 hadi 200 (mikroni 1,000 ni milimita moja), ilhali rangi yote ya kiwandani, kuanzia ya msingi hadi klia, yaani tabaka angavu la juu, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150 hivi. Asili yake ni jeshi la Marekani, ambalo wakati wa vita vya Vietnam lilihitaji kuyakinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Baadaye ikaingia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari yetu ya kawaida. Chini kabisa ina gundi inayoshika kwa kugandamizwa, katikati kuna poliuretani yenyewe inayomeza kishindo cha jiwe, na juu kuna tabaka jembamba sana linaloipa mng'ao, linalozuia madoa na linalojifunga lenyewe likipata joto baada ya kupata mikwaruzo midogo. Tabaka hilo la juu ndilo tunaloliosha. Likichakaa, poliuretani iliyo chini yake inaanza kunyonya uchafu, na hapo hakuna sabuni itakayoirudisha ilivyokuwa. Sehemu ya pili yenye udhaifu ni ukingo, yaani pale filamu inapoishia na gundi inapokuwa karibu na maji, vumbi na mafuta. Mtu akiyalinda mambo hayo mawili, amelinda karibu kila kitu.

Siku za mwanzo zina masharti yake. Filamu hubandikwa kwa maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo ili fundi aweze kuitelezesha hadi ikae mahali pake, kisha maji hayo husukumwa nje kwa kibao cha mpira. Hayatoki yote. Yanayobaki hukauka polepole kupitia filamu yenyewe, na kwa muda huo mwenye gari anaweza kuona vipovu vidogo vya maji au ukungu hafifu kama wa kioo kilichopumuliwa. Hali hiyo huisha kwa siku chache hadi wiki kadhaa, kutegemea jua na ubaridi wa mahali. Kwa siku saba za kwanza gari lisioshwe, na kwa siku mbili tatu za mwanzo lisipelekwe mwendo mkali barabara kuu ikiwa inawezekana. Nasisitiza kwamba mtu asitoboe kipovu kwa sindano, asikisukume kwa ukucha na asiuvute ukingo kuona kama umeshika. Kipovu ambacho bado kipo baada ya mwezi mmoja kinaweza kuwa cha hewa, na hicho ni kazi ya fundi aliyebandika.

Sasa kuosha, ambako nataka kukaa kwa muda.

Gari lenye filamu lioshwe kila baada ya wiki moja au mbili, kivulini, boneti ikiwa imepoa kiasi cha kuweza kuweka kiganja juu yake bila kukiondoa. Gari jeusi lililoegeshwa juani mchana kwetu linaweza kupita nyuzi 60 za joto kwenye bodi, na sabuni inayomwagwa juu ya bati la namna hiyo hukauka kabla haijafanya kazi, ikaacha alama. Kwanza mwaga maji mengi bila kugusa kitu, ili mchanga na vumbi la barabara viondoke vyenyewe, kwa sababu mchanga ukisuguliwa kwa dodoki ndio unaochora ile mistari ya mviringo inayoonekana jua likipiga. Kisha tumia ndoo mbili: moja yenye shampuu ya gari, nyingine yenye maji matupu ya kusuuzia glovu ya mikrofaiba kila baada ya kupitisha sehemu moja. Shampuu iwe ile isiyo na ukali wa asidi wala wa magadi, yaani kipimo chake cha pH kiwe karibu na 7. Sabuni ya unga ya kufulia haifai kabisa. Ina magadi, ina chembe zisizoyeyuka vizuri kwenye maji baridi, na huondoa kinga yoyote iliyopakwa juu ya filamu. Najua ndiyo inayotumika sehemu nyingi za kuoshea magari kwa sababu ya bei. Dawa yake ni kwenda na chupa yako ya shampuu na glovu yako, ukamwomba kijana kwa heshima avitumie. Mimi sijawahi kukataliwa.

Anza juu kwa paa, shuka hadi boneti na milango, malizia chini kwenye bampa na sehemu zilizo karibu na matairi, na glovu iliyogusa rimu isirudi tena juu. Pita kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Ukifika ukingoni mwa filamu, pitisha glovu kufuata ukingo au kutoka kwenye filamu kwenda nje, usiivute kutoka nje kuingia ndani, kwa kuwa hapo unakuwa unauinua.

Kuhusu mashine ya presha, sisemi isitumike. Nasema mdomo wake uwe ule unaotawanya maji kama upepeo, usiwe wa sindano, ukae umbali wa nusu mita au zaidi, na maji yaelekezwe kutoka katikati ya filamu kwenda nje. Umbali mfupi kuliko sentimita 30 ni hatari hata kwa filamu mpya iliyobandikwa vizuri. Mstari mweusi wa ukingoni usiufuate kwa presha. Uloweshe kwa maji ya shampuu kwa dakika chache, kisha upitishe brashi laini, kama ile ya kupakia rangi za maji, au kijiti cha meno cha mbao kilichofungwa kitambaa cha mikrofaiba, taratibu, kwa kufuata urefu wa ukingo. Kazi hiyo hainichukui zaidi ya robo saa kwa gari zima, na nikiifanya kila mwezi mstari haupati nafasi ya kukomaa.

Kukausha ni kwa taulo la mikrofaiba lililo safi na lenye manyoya marefu, likitandazwa juu ya bodi na kuvutwa taratibu au kugandamizwa, si kwa matambara ya fulana kuukuu ambayo leo yamefuta rimu na kesho yanafuta boneti. Maji yasiachwe yakauke yenyewe.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 – Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo ya kina. Mimi niko Mombasa, na maji tunayoyatumia nyumbani ni ya kisima, yana chumvi nyingi hata sabuni haitoi povu vizuri. Filamu yangu ina miezi minane, na tayari juu ya boneti na paa kuna madoa meupe ya mviringo ambayo shampuu haiyaondoi. Je, madoa hayo yapo juu ya filamu au yameshaingia ndani? Na je, upepo wa bahari wenyewe una madhara?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, tatizo lako nalijua vizuri, kwani hata sisi wa Dar es Salaam wenye visima vya karibu na pwani tunalo. Tone la maji likikauka, maji huenda zake na madini ya chokaa na magnesi hubaki, yakaganda kwa umbo la tone. Mwanzoni madini hayo yapo juu tu. Jua likiyapiga kwa wiki nyingi yanaanza kuuma tabaka la juu, na hapo ndipo doa huacha alama hata baada ya chokaa kuondoka. Kwa miezi minane naamini sehemu kubwa ya madoa yako bado inaondoka.

Chukua siki nyeupe, uichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, kwa maana ya maji safi yaliyokenekwa yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri. Soma chupa kwa makini, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na tindikali ya betri, na tindikali hiyo itakuunguza mikono na macho kabla haijaiharibu filamu. Osha gari kwanza, liwe kivulini na limepoa. Lowesha kitambaa cha mikrofaiba kwa mchanganyiko huo, ukilaze juu ya doa kwa dakika moja, pangusa bila kukandamiza, kisha suuza kwa maji mengi. Doa likikataa, rudia mara moja zaidi, lakini usiliache likalowa kwa nusu saa ukidhani muda mrefu utasaidia, na usiongeze ndimu au magadi.

Kwa siku za usoni, maji ya mwisho ya kusuuzia ndiyo yenye maana kuliko yote. Ukiosha kwa maji ya kisima, basi ndoo moja tu ya maji ya mvua au ya bomba imwagwe mwishoni, na gari likaushwe papo hapo kwa taulo. Upepo wa bahari huleta chumvi inayonata, nayo huvuta unyevu na vumbi. Filamu huivumilia, ila mwagia gari maji matupu katikati ya wiki hata kama hujapanga kuliosha.

#4 – Fundi wa kubandika filamu, Dar es Salaam

Wakuu, nabandika filamu hizi kama kazi yangu ya kila siku, na naomba kuongeza mambo mawili ambayo mwanzisha uzi hakuyagusa.

La kwanza ni hali ya rangi iliyo chini. Magari mengi yanayotufikia ni yaliyotumika Japani au kwingineko, na baadhi yamepigwa rangi upya kabla au baada ya kufika nchini. Rangi ya kiwandani huchomwa kwenye oveni kwa joto kali na hushika bati kwa nguvu. Rangi iliyopigwa gereji, hasa iliyo juu ya puti au isiyosuguliwa vizuri kabla ya kupigwa, inaweza kutoka pamoja na gundi siku filamu inapobanduliwa. Kwa hiyo mteja aniambie ukweli kuhusu kila mlango na kila bampa. Na rangi mpya isifunikwe kabla ya mwezi mmoja angalau, kwa sababu bado inatoa hewa ya thina, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea itainua filamu na kuacha vipovu ambavyo havitaisha.

La pili ni ukingo ulioinuka. Watu huniletea gari baada ya kujaribu gundi ya haraka, ile ya kugandishia viatu na plastiki. Gundi hiyo hukauka ngumu na nyeupe, hula rangi, na hunifanya nibandue kipande kizima badala ya kurudisha sentimita mbili. Ukiona ukingo umeinuka, usiuguse, usiupige presha, njoo mapema. Kabla vumbi halijaingia chini, mara nyingi inatosha kuusafisha, kuupasha joto kidogo na kuugandamiza. Vumbi likishashika gundi, sehemu hiyo hukatwa.

Ningependa pia kuunga mkono siku saba za kutokuosha. Wapo wanaonipigia simu siku ya pili wakisema kuna maji ndani. Ndiyo, yapo, na yatakauka.

#5 – Mchangiaji kutoka Arusha

Nawashukuru nyote. Maswali yangu ni matatu. Gari langu ni jeupe, na filamu imeanza kuwa na rangi ya manjano hafifu kwenye bampa la mbele baada ya miaka minne; je, kuna namna ya kuisafisha? Pili, mahali ninapooshea hupaka mafuta ya taa kidogo kuondoa lami. Je, ni salama? Tatu, nimesikia kwamba mikwaruzo huondoka kwa maji ya moto. Je, nichemshe birika?

#6 – Mwanzisha uzi

Ndugu wa Arusha, naanza na la pili kwa sababu ndilo la haraka. Mwambie aache leo. Mafuta ya taa, dizeli na petroli hulainisha lami kwa sababu ni ndugu zake, na vivyo hivyo huingia ukingoni na kulainisha gundi, huku yakilifubaza tabaka la juu. Hata petroli inayodondoka wakati wa kujaza tangi ifutwe na kusuuzwa hapo hapo. Lami iondolewe kwa dawa yake iliyoandikwa kuwa inafaa kwa filamu, ikiwekwa kwenye kitambaa na si kunyunyizwa juu ya bodi, mbali na ukingo, kisha paoshwe kwa shampuu mara moja. Alama ndogo huondoka hata kwa spiriti ya isopropili iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji.

Kuhusu manjano, lazima tutofautishe. Kuna manjano ya uchafu ulioganda juu, kama moshi, masalia ya wadudu na nta ya zamani iliyokauka. Hayo hupungua kwa shampuu, kisha kwa spiriti hiyo iliyozimuliwa. Na kuna manjano ya filamu yenyewe, yaani gundi au poliuretani iliyochoshwa na mionzi ya jua. Hayo hayaondoki kwa dawa yoyote ya kupaka. Filamu za bei ya chini sana, hasa za PVC, yaani plastiki ya aina nyingine, zinazouzwa kwa jina la PPF, hufika huko mapema, wakati filamu nzuri za poliuretani mara nyingi huja na dhamana ya miaka 5 hadi 10. Jaribu kwenye eneo dogo kama kiganja. Pasipobadilika, panga kubadilisha kipande cha bampa peke yake. Usisubiri ikauke hadi ipasuke vipande vidogo, kwani kuibandua katika hali hiyo ni kazi ya siku nzima na rangi inaweza kuumia.

Birika usichemshe. Joto linalohitajika ni la maji ambayo mkono hauwezi kukaa ndani yake, yapata nyuzi 60, yakimwagwa taratibu juu ya sehemu iliyokwisha oshwa. Mara nyingi hata hayo hayahitajiki, kwa sababu jua la saa saba mchana hufanya kazi hiyo bure. Kinachojifunga ni mikwaruzo midogo ya juu iliyotokana na kuosha. Jiwe lililotoboa au msumari uliochana hautajifunga kwa joto lolote, na mashine ya kupigia msasa na polishi isipitishwe hapo, kwani inaliondoa tabaka lenyewe linalojifunga.

Naongeza jambo ambalo hujaliuliza, nalo ni ndege na miti. Hapa Dar es Salaam tuna kunguru wa India, waliofikishwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuenea pwani yote, na kinyesi chao kikikaa juani siku mbili juu ya filamu huacha kivuli ambacho sijapata kukiondoa. Mwembe nao una utomvu unaounguza hata ngozi ya mtu, na wakati wa maua wadudu wake hudondosha unyevu wa kunata unaoshika vumbi. Mimi huweka ndani ya gari chupa ndogo ya maji yenye shampuu kidogo na kitambaa safi. Nikiona kinyesi, nakilaza kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika kadhaa, nakiinua pamoja na uchafu bila kusugua, kisha nasuuza. Hivyohivyo kwa wadudu waliogongwa usiku, ambao kwa anayepita barabara ya katikati ya Mikumi huwa wengi kiasi cha kuifunika bampa nzima.

#7 – Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu, nimerudi kutoa mrejesho. Siki na maji ya betri vimeondoa madoa yote ya boneti isipokuwa matatu yaliyo karibu na kioo cha mbele. Sasa nauliza: baada ya kusafisha hivi, nipake nini? Muuzaji mmoja ananishauri seramiki, yaani ile kinga ya majimaji ya kupaka juu, mwingine nta ya kopo.

#8 – Mwanzisha uzi

Nimefurahi kusikia hivyo. Hayo matatu yaache, usiyaongezee siki kila wiki.

Kati ya hivyo viwili, mimi ningechagua seramiki ya kunyunyizia iliyoandikwa kuwa inafaa juu ya PPF, ipakwe kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa hufanya maji yatiririke badala ya kukaa kama matone, na kwako wewe mwenye maji ya chumvi faida hiyo ni kubwa. Haiongezi nguvu dhidi ya mawe, na anayekuambia inaongeza anakuuzia maneno. Nta ya kopo yenye viyeyusho vya petroli naiepuka. Hukauka nyeupe ukingoni na nyingine huipa filamu iliyo juu ya gari jeupe rangi ya manjano. Kwa wenye filamu isiyong'aa, wasipake nta wala polishi ya aina yoyote, kwa sababu itaacha mabaka yanayong'aa.

Na kwa waliouliza faraghani kuhusu boneti yangu: fundi alibandika kipande kipya Jumanne. Leo ni siku ya tatu. Kuna vipovu viwili vya maji upande wa kushoto, kimoja kimepungua tangu jana, sijavigusa. Nitaiosha Jumatano ijayo, kwa mkono, nyumbani.